Haki ya Ndama Kabla ya Kilo ya Nyama

Mtu wa Pwani aishiye Nairobi, anapokuwa na shughuli ya watu wengi, iwe arusi au khitma, hakosi kuelekezwa Soko la Burma. Soko hili liko Eastlands, kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na mitaa ya Shauri Moyo na Kaloleni. Jina lake linakumbusha nchi ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, walikopelekwa vijana wa Afrika Mashariki wa jeshi la KAR kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Leo hapana bunduki hapo. Pana mapaja yaliyotungikwa kwenye kulabu, magogo ya kukatia, mizani, na moshi wa nyama choma unaomfuata mtu hadi barabarani.

Tulikuwa sokoni humo asubuhi moja pamoja na mama wa aila yetu aliyekuwa akinunulia khitma. Aliitazama nyama iliyokwisha kupimwa, akasema kwa upole, "Ami, leo umenipa mifupa mitupu." Muuzaji, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, hakukasirika. Alijibu, "Mwanangu, wallahi sikukupunja. Ng'ombe huyu ndivyo alivyo. Alinyimwa maziwa udogoni, na aliyenyimwa udogoni hashibishwi ukubwani."

Tuliondoka na mfuko wetu wa nyama, lakini neno lile hatukuliacha pale. Wengi wetu tunapoizungumzia nyama huuliza bei yake, na waangalifu zaidi huuliza imechinjwaje na nani. Swali la jinsi mnyama alivyolelewa katika siku zake za mwanzo ni nadra kulisikia. Nalo ni swali linalotuhusu khasa sisi akina mama na watu wa nyumbani, kwani katika boma nyingi za Kwale, Kilifi na Lamu, mlezi wa ndama ni mwanamke au mtoto wake. Ndiye ashikaye chupa, ndiye apimaye maziwa, na ndiye aamuaye, alfajiri baada ya alfajiri, kiasi gani kiende kwa mteja na kiasi gani kibakie kwa ndama.

Haki iliyoandikwa zamani

Miongoni mwa vitabu vya fiqhi ya Kishafii vilivyosomeshwa Pwani yetu kwa vizazi vingi ni Minhaj cha Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia. Katika mlango wa nafaqa, yaani masurufu, baada ya kueleza haki za mke na jamaa, Imamu hakumsahau mnyama. Amebainisha kuwa ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa kuchagua moja kati ya matatu: amuuze, amlishe, au amchinje. Kisha ameongeza hukumu ambayo kila mkamuaji angepaswa kuijua: haifai kukamua kiasi kitakachomdhuru mtoto wa mnyama huyo.

Basi ndama ana fungu lake katika kiwele cha mamake kabla yetu sisi. Tukimtenga na mamake tukawa sisi ndio wakamuaji, hatukuiondoa haki ile. Tumeihamisha tu kutoka kwenye kiwele ikawa mikononi mwetu. Chupa tuishikayo ni dhamana.

Dang'a, maziwa ya saa za kwanza

Mwanadamu huzaliwa akiwa amekwisha kupokea sehemu ya kinga ya mamake kupitia kondo la nyuma. Ndama hana bahati hiyo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, hivyo ndama huanguka duniani akiwa kama mtu asiye na nguo. Nguo yake ni dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya manjano yatokayo mara tu ng'ombe anapozaa.

Jambo kubwa hapa ni wakati. Utumbo wa ndama mchanga huwa wazi kupokea kingamwili kwa muda mfupi tu. Uwezo huo huanza kupungua baada ya saa chache, na ifikapo saa ya 24 mlango umekwisha kufungwa. Kwa sababu hiyo, ndama apewe dang'a katika saa mbili za mwanzo, kisha arudiwe kabla siku haijaisha. Kipimo cha kushika ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake: ndama wa kilo 30 anywe lita 3 katika siku hiyo ya kwanza, na sehemu kubwa ya hizo iwe mapema iwezekanavyo.

Wapo waimwagao dang'a kwa kuiona chafu, na wapo waipikayo wakala wote nyumbani huku ndama akisubiri. Kuila si haramu, lakini anayestahili kushiba kwanza ni yule ambaye uhai wake umo humo. Ikizidi, ihifadhiwe. Katika barafu ngumu ya friji hukaa miezi mingi, na siku ng'ombe wa jirani akifa uzazini, chupa ile moja huweza kumwokoa yatima. Itakapohitajika, iyeyushwe ndani ya maji ya uvuguvugu. Isichemshwe, kwani moto mkali huziua zile kinga tuzitakazo.

Siku hiyo hiyo kitovu cha ndama kichovywe katika dawa ya iodini. Kitovu kibichi ni njia ya viini kuingia mwilini, na ndama wengi wanaovimba magoti baada ya siku chache maradhi yao yaliingilia hapo.

Adabu ya chupa

Baada ya siku tatu nne za dang'a, ndama huanza maziwa ya kawaida. Kwa wengi wetu hapa ndipo mkono unapoanza kuwa mzito, kwa kuwa maziwa haya ni ya kuuzwa. Kiwango cha chini ni ile sehemu moja ya kumi ya uzito kila siku, igawanywe asubuhi na jioni. Ndama wa kilo 30 apate lita moja na nusu kila mara, na kadiri anavyokua ndivyo kipimo kinavyopanda. Watafiti wa siku hizi huhimiza kumpa zaidi ya hapo mwenye uwezo, hata kukaribia sehemu mbili za kumi, mradi nyongeza iende polepole na milo iwe mitatu badala ya miwili.

Maziwa yawe na joto la mwili, kama nyuzi 38 au 39. Asiye na kipimajoto adondoshee tone kwenye kifundo cha mkono, kama tufanyavyo kwa chupa za watoto wetu: lisiunguze wala lisiwe baridi. Saa za kunywesha zisibadilike. Tena maziwa yasiongezwe maji. Aongezaye maji humjaza ndama tumbo pasipo kumpa lishe. Anayetumia maziwa ya unga ya ndama afuate kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, asikirefushe ili mfuko udumu.

Namna ya kushika chupa nayo ina sababu yake. Ng'ombe ana matumbo manne. Ndama anyonyapo akiwa ameinua shingo, mfereji hujikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja katika tumbo la nne, ndilo liwezalo kuyasaga. Akinyweshwa kwa pupa, maziwa huweza kumwagikia tumbo la kwanza, yakachacha humo na kumletea kuhara. Kwa hiyo chupa ishikwe kwa urefu wa kiwele cha mamake, ndama akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Tundu la chuchu ya mpira lisipanuliwe kwa kisu ili kazi iishe upesi, na ndama asishikwe kichwa akamiminiwa mdomoni. Maziwa yakiingia mapafuni huleta nimonia, na ndama wa namna hiyo ni wachache wanaopona.

Ndama asiyejua kunyonya chupa hufundishwa kwa kidole. Chovya kidole safi katika maziwa, umtie mdomoni, na akianza kukifyonza umpe chuchu mahali pa kidole. Atumiaye ndoo hufanya vivyo hivyo, akiushusha mkono taratibu hadi ndama akutane na maziwa. Amalizapo kunywa, hamu ya kunyonya huwa haijamtoka. Akiwa na wenzake atawanyonya masikio na vitovu. Atengwe kama nusu saa na apewe nyasi kavu za kutafuna.

Usafi ndio nusu ya malezi haya. Chupa, chuchu na ndoo vioshwe kila baada ya kutumika: kwanza kwa maji ya uvuguvugu yatakayotoa maziwa, kisha kwa maji ya moto, sabuni na burashi, halafu vipinduliwe vikauke juani. Mabaki ya maziwa kwenye chuchu ni bustani ya viini. Watoto wetu, ambao hupenda sana kazi hii ya kunywesha, wafundishwe kunawa mikono kabla na baada, na wasionje maziwa mabichi yaliyo katika ndoo. Zaidi ya hayo, maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele au aliyedungwa dawa yasihesabiwe kuwa sadaka kwa ndama. Tusilompa mtoto wetu kwa kuogopa dawa, tusimtupie asiye na ulimi wa kulalamika.

Maji, nyasi na mahali pa kulala

Wako wadhanio kuwa anywaye maziwa hahitaji maji. Hilo si kweli, na katika joto la Pwani yetu ni hatari. Awekewe maji safi tangu siku za mwanzo. Kuanzia wiki ya kwanza au ya pili aonjeshwe chakula maalumu cha ndama kipatikanacho agroveti, konzi moja tu, pamoja na nyasi kavu laini. Kiasi hicho hakimshibishi, lakini hilo silo lengo. Nafaka ile ndiyo inayolikuza tumbo la kwanza, ili siku maziwa yakikoma awe na mahali pa kusagia majani.

Wakati wa kulikiza uamuliwe kwa sahani zaidi ya kalenda. Ndama anayekula karibu kilo moja ya chakula kikavu kila siku, kwa siku kadhaa mfululizo, huwa tayari. Mara nyingi ni kati ya wiki ya 8 na ya 12. Maziwa yapunguzwe kidogo kidogo. Anayekatiwa ghafla hukonda, na kukonda huko huonekana mwilini mwake kwa muda mrefu.

Kizimba chake kiwe kikavu, chenye hewa isiyo ya upepo mkali, na malalo yabadilishwe. Penye unyevu na kinyesi ndipo penye kuhara na kikohozi.

Akiugua

Kuhara ndiko kunakowaua ndama wengi, na wauaji khasa ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Tazama macho yaliyozama na masikio yaliyolegea. Finya ngozi ya shingo uiachie: isiporudi upesi, maji yamepungua. Mdomo ukiwa baridi, hali imekuwa mbaya. Mpe maji ya chumvi na glukosi yaliyotengenezewa mifugo, lita mbili kila mara, kati ya milo ya maziwa. Usimnyime maziwa kwa kudhani ndiyo yamharishayo, kwani akikosa maji na lishe kwa pamoja hana pa kushika. Ukiona damu, au akishindwa kusimama au kunyonya, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa sisi wa Pwani liko na lingine: ndigana kali, maradhi yaletwayo na kupe. Ng'ombe wa asili wana ustahimilivu kiasi. Hawa wa maziwa waliochanganywa na damu ya kigeni hufa upesi. Ndama akivimba tezi chini ya masikio au mbele ya bega, akawa na homa na pumzi za haraka, asisubiriwe hadi kesho. Chanjo ya ugonjwa huu ipo, na chimbuko lake si mbali na Burma: ilitengenezwa na watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970. Ndama hudungwa mara moja pamoja na dawa ya kuutuliza ugonjwa, akapata kinga ya muda mrefu. Muulizeni ofisa wa mifugo wa kaunti yenu.

Hesabu ya mwenye ng'ombe mmoja

Tusijifanye kuwa haya yote ni mepesi. Jirani na Soko la Burma uko mtaa wa Kaloleni, na kwetu Kilifi iko Kaloleni nyingine, ambako tangu miaka ya 1980 watafiti na maofisa wa mifugo wamekuwa wakifanya kazi na wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Mwanamke wa huko mwenye ng'ombe mmoja anayetoa lita 8 kwa siku, akimpa ndama wake lita 3 kwa wiki 10, atakuwa ametoa lita 210. Hizo ni fedha za karo na unga. Hatuna haki ya kumlaumu kwa kutazama mara mbili kabla ya kuzimimina katika chupa.

Lakini hesabu haikomi hapo. Ndama akiwa jike, lita zile ndizo zitakazomfanya awe mtamba wa kupandishwa mapema na ng'ombe wa kukamuliwa mamake atakapozeeka. Ndama aliyedumaa huchelewa kupandishwa, na kila mwezi wa kuchelewa ni mwezi wa kulisha pasipo kukamua. Akifa, fungu lote limekwenda naye.

Ndama dume ndiye mwenye mashaka zaidi. Katika boma nyingi za maziwa huonekana kuwa mzigo: hatakamuliwa, na anakunywa. Wengine humuuza angali na siku chache, na wengine humwacha afe polepole kwa maziwa ya kijiko. Aliye na dhiki ameachiwa njia na sheria yenyewe: amuuze kwa atakayemlea. Kumwacha afe kwa njaa hakumo katika yale matatu aliyoyataja Imamu.

Tena dume huyo ana thamani tunayoisahau. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, ng'ombe wa udhiya sharti awe ametimiza miaka miwili, na asiwe kiwete, mgonjwa wala aliyekonda kupita kiasi. Ng'ombe mmoja hutosha watu saba. Basi ndama dume anayezaliwa katika boma la mmoja wetu leo, akipata dang'a yake na chupa yake, anaweza baada ya Idi mbili au tatu kuwa udhiya ya nyumba saba. Pasiwe na haja ya kumtafuta mbali, na tukamla tukijua alivyoishi.

Mayatima nao tusiwasahau. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili katika kaunti kavu za Kenya, zikiwemo za ndugu zetu wa Tana River na Garissa. Mara nyingi ng'ombe wa namna hiyo huanguka akiwa na mtoto ubavuni. Aliyejua kushika chupa, na aliyekuwa na jirani wa kumkopesha maziwa, aliweza kubakiwa na mbegu ya kuanzia upya.

Mama yule tuliyekuwa naye Burma alirudi kijijini kwao baada ya khitma. Juma lililofuata alitupigia simu. Ng'ombe wa mkazamwana wake alikuwa amezaa usiku, ndama dume, na nyumbani palikuwa na maneno: mteja wa maziwa alikuwa akisubiri mlangoni. "Nimewaambia mteja angoje," alisema. "Mwenye haki hajanywa."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa dhamana ndogo kama kwa kubwa, na aitie baraka riziki ya kila mwenye kumpa ndama fungu lake. Amina.